Kifaranga wa Pili

"Kuku akikataa," alisema Maige, "nitakuoa hivyo hivyo, na kuku mwenyewe tutamla mchuzi."

Aliyasema hayo Jumamosi alasiri, ameegemea ghala la mtama la Mzee Makoye pale Didia, kofia kailaza upande kama karani wa reli aliyepandishwa cheo jana. Limi, binti wa mwenye ghala, alikuwa amekaa chini anapukuchua karanga. Alimtazama tu kwa yale macho yake ya kupima, na Maige, ambaye kupima ndiyo ilikuwa kazi yake, akajikuta yeye ndiye aliye mizanini.

Mwaka ule wa thelathini na sita, kila kijana aliyetoka kwenye machimbo ya Geita alirudi nyumbani na kitu. Huyu baiskeli, yule blanketi la maua, mwingine kikohozi. Maige alirudi na habari kwamba hakuna Mungu.

Hakuwa ameitafuta habari hiyo. Alikuwa kijana wa shule, kasoma mpaka Tabora, akaajiriwa katika chumba cha kupimia mawe kwenye mgodi mmoja huko. Kazi ilikuwa kulisaga jiwe liwe unga, kuuchanganya ule unga na madini ya risasi, kuutia tanurini, kisha kuiweka ile risasi katika kijungu kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa. Majivu yakainywa risasi yote, ikabaki punje ya dhahabu ndogo kuliko jicho la siafu. Mkuu wa chumba alikuwa Mzungu mpole, sharubu lake la kushoto limeungua, nao wafanyakazi walimwita Bwana Mizani. Siku moja alimwambia Maige kwamba majivu yale yalitoka kwenye mifupa ya ng'ombe, ila mifupa ya bwana na ya mtumishi ingefaa vilevile. Juu huko, akasema, hamna mtu. Kuna mawe, kuna moto, kuna muda mwingi, basi. Jiwe halina nia na mtu ni jiwe lililolowa.

Maige alitembea na maneno hayo wiki nzima kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Kisha akawafukuza kazi wote wawili kwa siku moja, Mungu wa padri na mizimu ya babu, na akajiona mwepesi.

Mtu wa kwanza kupewa habari hiyo alikuwa Limi. Alikuwa amekwenda kukaa kiangazi kizima kwa shangazi yake Esta, aliyewauzia wachimbaji uji na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa kando ya njia ya mgodi. Wasichana wengine waliambiwa kwamba macho yao ni nyota. Limi akaambiwa kwamba nyota ni moto tu, ziko mbali na hazina habari na mtu. Alicheka mpaka uji ukashika chini ya chungu, na shangazi Esta akamtishia mwiko. Lakini jioni, wakati wa kuosha vyungu, alimuuliza Maige, kama hakuna anayetutazama, ni nani basi aliyeandika kwamba mimi nije huku nikutane nawe?

"Hakuna aliyeandika," Maige akajibu. "Karatasi ni nyeupe. Nakuandika mwenyewe."

Limi alipenda pale pale. Wengine hupenda kwa shanga. Yeye alipenda kwa sababu alikuwa na dada, Nyamizi. Nyamizi aliolewa na mtu asiyemtaka kwa kuwa kifaranga wa ramli alikubali, na baada ya mavuno mawili alirudi nyumbani amepungukiwa na meno mawili ya mbele. Kifaranga hakuulizwa tena. Watu walisema ndivyo ilivyopangwa, wakaendelea kula. Sasa hapa kulikuwa na mtu anayesema hakuna mpangaji. Limi aliona kama amefunguliwa mlango ndani ya nyumba ambayo siku zote aliambiwa haina mlango.

Mahari ilikuwa imekwisha kuafikiwa. Ng'ombe walitajwa, wakapunguzwa, wakaongezwa, watu wakapeana mikono. Kilichobaki ni kifaranga. Mzee Makoye alikuwa mtu wa heshima na wa maneno machache, na katika boma lake hapakuolewa mtu, wala hapakuhamwa, wala hapakuchimbwa kisima kabla ya kifaranga kuulizwa. Kesho yake asubuhi mfumu Jilala, mpiga ramli, angekuja kumpasua na kumsoma. Akikubali, Limi ni wa Maige. Akikataa, kuna Mageni wa Runzewe, mwenye ng'ombe wasiohesabika na wake wawili, ambaye mjumbe wake alikuwa anakuja Alhamisi kusikiliza jibu.

"Hebu nijibu jambo moja, karani," Limi akasema hatimaye, vidole vyake havikuacha karanga. "Ile risasi yako. Ikiyeyuka, huwa imetaka?"

"Itake nini? Moto ukifika inayeyuka."

"Na mtu ni jiwe lililolowa. Si ulisema?"

"Nilisema."

"Basi mimi umenichagua, au umeyeyuka?"

Maige akacheka. Alicheka muda mrefu kidogo kuliko kichekesho chenyewe. Bwana Mizani alikwisha mwambia hilo pia. Alimwambia kwamba hata kuchagua ni mchanganyiko tu wa vitu kichwani, kitu kinasukuma kitu, na anayedhani anachagua ni sawa na jiwe linaloporomoka mlimani likidhani limeamua kushuka. Nusu hiyo ya habari Maige aliiacha Geita. Haikumpendeza, na mizigo ilikuwa mingi.

"Kesho utaona," akasema. "Kuku akikataa, nitasimama mchana kweupe mbele ya baba yako nikushike mkono. Nitasema, huyu nimemtaka mimi. Si kuku, si mzimu, si Mungu. Mimi."

Limi aliacha karanga.

"Hilo neno," akasema polepole. "Ng'ombe ni wa baba. Mimi nataka kulisikia hilo neno tu, Maige. Likisemwa, hata ukiwa huna shati nitakufuata."

Walitazamana. Mama yake, Mayu Mbuke, alikohoa ndani ya nyumba, kile kikohozi cha akina mama kisichotokana na kifua, na Limi akainama tena kwenye karanga zake.

Jua lilipokaribia kuzama, Mzee Makoye alileta kifaranga. Alikuwa wa kahawia, mwenye doa jeupe kichwani, na bawa moja limelegea. Mambo yenyewe yalikuwa mepesi kwa aliyekulia huko: mwenye shida humtemea kifaranga mate mdomoni, humnong'oneza shida yake, kisha kifaranga hufunikwa chini ya tenga bila punje wala tone la maji mpaka asubuhi, ili asiwe na kitu tumboni ila neno la mtu.

Maige alikuwa amejiandalia mzaha. Alikusudia kumnong'oneza kifaranga bei ya sabuni. Alimshika, akahisi moyo wake mdogo ukigonga kiganjani, akamtemea mate, akainamisha mdomo. Na kilichotoka hakikuwa sabuni.

"Nipe Limi," alinong'ona.

Alipoinua uso masikio yalikuwa yanamuwaka. Alitazama huku na huku kama mtu aliyejikwaa mahali pasipo na jiwe.

Alfajiri aliamka kabla ya jogoo kumaliza kazi. Tenga lilikuwa pale pale kwenye kibanda cha wageni alimolala. Akalinyanyua kidogo. Kifaranga alikuwa amejikunyata, macho yamefumba nusu, bawa linaburuta, na nyuma yake uchafu wa kijani umemgandia. Mgonjwa. Maige akaanza kufikiri kwa haraka, na alifikiri kisomi. Jilala husoma nini? Husoma ini, husoma damu chini ya bawa, husoma matumbo. Kifaranga mgonjwa ana ini bovu. Ini bovu litasomwa kuwa ndoa mbovu. Kwa hiyo Limi atakwenda Runzewe kwa ajili ya tumbo la kuharisha la kuku. Hili si suala la imani, alijiambia. Hii ni kemia.

Jambo moja lilimkera. Katika chumba cha mawe kulikuwa na dhambi moja tu. Mengine yote yalisamehewa, hata ulevi. Sampuli ikishafungwa guniani, mkono wa mtu hauigusi mpaka ifike mizanini. Kulikuwa na mtu aliyenyunyizia sampuli vumbi kidogo la dhahabu ili shimo la rafiki yake lionekane tajiri, akafungwa. Maige mwenyewe alimsimulia Limi kisa hicho kwa majivuno, akamalizia kwamba anayegusa sampuli anaogopa ukweli.

Alitoka nje. Uwanjani kuku mama alikuwa amekwisha amka na wanawe, wanadonoa mtama uliomwagika jana wakati wa kupura. Mmoja alikuwa wa kahawia, doa jeupe kichwani, ameshiba, anakimbia kama ametumwa. Maige alimnyakua, akamweka chini ya tenga. Yule mgonjwa akamfunika chini ya kinu kilichopasuka nyuma ya zizi, mahali pasipopitiwa na mtu. Akarudi, akaketi kitandani, akaifuta mikono kwenye suruali. Mikono ilikuwa haina kitu. Akaifuta tena.

Jilala alikuja jua likiwa usawa wa paa. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mwembamba, ana mafua, anapenga kila mara, na begi lake lilikuwa lile lile alilobebea mbegu za pamba.

"Mwangaluka," akawasalimu.

"Mwangaluka," wakajibu wote, na Maige kwa sauti iliyozidi ya wenzake.

Walikaa. Mzee Makoye kwenye kigoda, Mayu Mbuke kwenye ngozi, Maige akainamisha kichwa kama ilivyompasa mkwe. Limi hakuitwa, lakini alisimama mlangoni na kibuyu cha maji ya kumnawisha mfumu, ambayo ni njia ya binti kuwapo bila kuwapo. Kifaranga akapitishwa majini. Kisu kidogo kikapita. Maige, ambaye alikuwa ameangalia mawe elfu yakipasuliwa, aligundua kwamba amezuia pumzi.

Jilala aliinama. Alifungua kwa kidole gumba, akasogeza hiki, akasogeza kile. Alifika kwenye kile kifuko cha chakula cha shingoni, akakibinya, akatazama kilichotoka. Akatazama muda. Akapenga kamasi. Kisha akakaa wima.

"Humu hamna mtu," akasema.

Mzee Makoye alimuuliza maana yake nini.

"Maana yake ni hiyo. Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Kifaranga huyu hakuambiwa neno na mtu yeyote. Nimetazama kote. Ni mtupu." Akamgeukia Maige, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia. "Wewe uliuliza, kijana?"

Bwana Mizani, tanuri, nyota zisizo na habari na mtu, vyote vilimtoka Maige kwa mlango mmoja. Mfumu huyu amejuaje? Ameonaje neno lisilokuwamo? Kama ameliona lisilokuwamo katika huyu, basi katika yule mwingine neno limo. Limekaa huko chini ya kinu na jibu lake. Ndiyo au hapana. Linajua.

"Niliuliza," akasema, na ilikuwa kweli na uongo kwa pamoja.

Jilala akaanza kukusanya vitu vyake. Alisema mafua yamemchosha, na kwamba nyumba inajijua yenyewe. Mzee Makoye alitamka bila hasira kwamba kijana ni mzuri, amesoma, na ng'ombe wake ni wazuri. Lakini katika boma hili, kuku akinyamaza, amekataa. Atampokea mjumbe wa Mageni siku ya Alhamisi.

Mayu Mbuke akafunika mdomo kwa upande wa nguo.

Limi hakufunika kitu. Kibuyu mkononi, bega kwenye mlango, alimtazama Maige. Hakulia wala hakusihi. Alimtazama kama mtu anavyotazama njia ambayo mgeni wake ameahidi kutokea. Ilikuwa asubuhi, jua limewaka, baba mtu yuko mbele. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama Maige mwenyewe alivyokipanga jana. Kilichobaki ni neno, na umbali wa hatua sita.

Maige akasimama. Uwanja wote ukamgeukia. Akafungua mdomo.

"Samahani, baba," akasema. "Naomba nitoke nje kidogo."

Mzee Makoye akampungia mkono kwamba aende. Tumbo la mtu halina adabu, kila mmoja anajua.

Alipita nyuma ya zizi mbio mbio, akiwa ameinama. Kinu kilikuwa pale. Kifaranga wa kwanza alikuwa hai bado, akatoa kisauti chembamba alipoona mwanga, na kwa kitambo Maige akakumbuka ule moyo mdogo kiganjani. Kisha akatoa mfukoni kijembe cha kuchongea penseli, penseli ile ile aliyotumia kuandikia uzito wa dhahabu katika kitabu cha mgodi.

Hakuwa na maji. Alipasua hivyo hivyo. Alifungua kwa kidole gumba kama alivyomwona mfumu akifanya, akasogeza hiki, akasogeza kile. Lile pale ini. Lina doa. Doa ni jema au baya? Liko kushoto. Kushoto kwa kuku, au kushoto kwa mtu? Damu chini ya bawa ilikuwa na mchirizi kama njia, na njia ile mahali fulani ilikatika, au ilipinda tu. Akamgeuza kuelekea jua. Akampangusa. Alikuwa anasemasema peke yake, na hakusikia hatua.

"Anasemaje?"

Limi alikuwa amesimama kando ya zizi, kibuyu bado mkononi.

Maige alitaka kuficha mikono akaona haina pa kufichwa. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo.

"Limi. Nilikuwa..."

"Nakuuliza anasemaje."

Akatazama chini, kisha juu.

"Sijui kusoma," akasema.

Limi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyokuwa akiitarajia. Akamwambia kwamba alimwona tangu alfajiri. Alikuwa anakwenda kuteka maji, akamwona akimkimbiza kifaranga uwanjani, akamwona akifunika kinu.

"Ukaninyamazia?"

"Nilicheka. Nikasema, potelea mbali, anayeweza kuiba kifaranga kwa ajili yangu hatashindwa kunishika mkono."

"Yule mzee amejua, Limi. Alitazama tu akajua. Wewe hukusikia? Alisema hamna mtu."

"Amejua kwa mtama."

"Mtama gani?"

"Mtama wa asubuhi, Maige. Ulimtoka kifaranga shingoni, mbichi, punje nne. Kuku aliyelala chini ya tenga hali mtama. Mimi sikusoma Tabora na nimeuona kutoka mlangoni. Mzee ana macho. Hana kingine." Akatua kibuyu chini. "Wewe uliyetuambia tutazame vitu kama vilivyo, hukuutazama."

Nzi walikuwa wamekwisha kufika. Maige akasimama. Akasema twende. Twende sasa hivi, bado wamekaa, nitasema lile neno mbele yao wote, nitalisema mara tatu. Nakutaka, Limi, Mungu anajua...

Akajisikia akimtaja Mungu, akakatiza.

Limi karibu acheke. Kilichofika usoni hakikuwa kicheko.

"Lingekuwa langu muda ule," akasema. "Sasa umekwisha mpasua. Ukisema neno sasa, nitajuaje kama limetoka kwako au limetoka kwenye ini? Nitalala na wewe miaka thelathini nikijiuliza uliona doa upande gani."

"Kwa hiyo utakwenda kwa Mageni."

"Kwa Mageni siendi. Nakwenda kumwambia baba, hivi sasa, kwa mdomo wangu, bila kuku wala ng'ombe. Atanifukuza, au hatanifukuza. Nikifukuzwa, nitarudi kwa shangazi Esta kusonga uji." Sauti yake ilitetemeka kwenye jina la shangazi, kisha ikasimama. "Naogopa, usidhani siogopi. Ila hakuna mwingine wa kunisemea. Nimetazama kote. Ni mtupu."

Maige alinyoosha mkono, akauona ulivyo, akaurudisha.

"Nilikupenda kweli," akasema.

"Najua. Uliyeyuka." Aliokota kibuyu chake, akakung'uta vumbi chini yake kwa kiganja, polepole, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta. "Yale uliyokuwa ukinifundisha kule kwenye vyungu vya shangazi. Kwamba hakuna aliyeandika, karatasi ni nyeupe. Kumbe niliyaamini peke yangu."

Akaondoka. Alitembea bila haraka kuelekea uwanjani, mgongo umenyooka, na Maige aliusikia moyo wake ukigonga kama kitu kilichoshikwa kiganjani. Angeweza kumfuata. Zilikuwa hatua ishirini, baadaye thelathini. Hakuna kamba iliyomfunga, wala mzimu uliomkalia shingoni. Ulikuwa mchana kweupe.

Alipofika pembe ya zizi, Limi aligeuka nyuma mara moja tu.

Akamkuta ameinama tena, anamgeuza kifaranga kuelekea jua, anasoma.